Ng'ombe wa Tatu wa Mhoja

Gervasi hakuwa mtu wa maneno. Mkewe Selestina ndiye aliyesema kwa niaba ya nyumba nzima, na tangu azikwe, pale kijijini Mugoma nyumba ilinyamaza. Ndipo mtendaji wa kijiji akaja na habari. Fabiani, mwana wao, aliyefungwa miaka kumi kwa wizi wa ng'ombe, angeweza kumalizia kifungo chake nyumbani kwa parole. Ila kwanza kijiji kiulizwe kama kinampokea.

"Kikikataa?"

"Atabaki huko, mzee. Miaka sita."

Gervasi aliipima na ile aliyobakiwa nayo yeye ya kuishi, akaona yake haitatosha.

Akafanya kama baba yake alivyokuwa akifanya. Alivundika ndizi, akakamua, na pombe ilipoiva akaita ukoo na majirani. Walikunywa kwa mrija mmoja, mkono kwa mkono. Ukinywa hivyo, shauri likiwa limewekwa mbele yako, umeshatoa neno lako. Fideli, kaka wa marehemu, alivuta mara mbili.

"Shemeji, lala usingizi. Wa kwanza kunyoosha mkono ni mimi."

Gervasi alilala. Fideli alikuwa na deni la kimya kwake. Ng'ombe wa Mhoja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia pale kijijini, walioibwa walikuwa watatu. Wawili walikutwa kwa Fabiani. Wa tatu alichinjwa nyuma ya nyumba ya Fideli, na ni Fideli aliyemwonyesha kijana zizi. Fabiani alimweleza mama yake tu, akabeba mzigo peke yake. Selestina alipomwambia mumewe, alimshika mkono: "Ukimtaja kaka yangu, nitakuwa nimepoteza wawili." Gervasi akaapa. Miaka minne aliitunza siri ile.

Siku ya mkutano uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Afisa wa parole, mama mmoja mwenye faili nene, aliuliza swali lake, na watu wakaanza.

"Mwizi gerezani anapumzika tu!" alisema Yuster, muuza maandazi. "Analala, anakula, anaota mbuzi wetu!"

Watu wakacheka.

"Na akimaliza miaka kumi atatoka malaika?" akajibu Wiston, mwalimu wa kwaya. "Huko ndiko wanakofundishana. Bora tumwone hapa kwa macho."

Fideli akasimama. Gervasi akashusha pumzi.

"Huyu ni damu yangu, namjua," alisema Fideli. "Mara ya kwanza alipofungwa, alitoka kwa msamaha wa sikukuu. Tukampokea kwa ngoma. Nywele alizonyolewa gerezani hazijamwota sawasawa, ng'ombe wa Mhoja hawapo. Mimi nasema abaki."

Waliokunywa pombe ile wakatazama miguu yao.

Gervasi aliinuka.

"Muulizeni Fideli, ng'ombe wa tatu aliliwa wapi."

Fideli akatabasamu kwa huruma. "Mzee amefiwa, jamani. Msameheni."

"Baba yangu," afisa alisema taratibu, "hayo ni ya polisi. Mimi leo naandika moja tu: kijiji kinampokea au hakimpokei."

Nyuma ya watu akasimama Mhoja mwenyewe, yule Msukuma mwenye ng'ombe, fimbo mabegani.

"Shikamoo, mzee Gervasi."

"Marahaba."

"Pombe yako harufu yake ilinifikia hadi zizini. Uliwaita hawa wote. Mwenye ng'ombe hukumwita."

Kwao kina Gervasi shauri lilianza na ndugu wa damu. Mgeni kama Mhoja hata hakumjia akilini.

"Ungekuja hata mikono mitupu, tungeongea," Mhoja aliendelea. "Na huyo wa tatu, ulimjua miaka yote hii? Ukanisalimia kila Jumapili?"

Hakungoja jibu. Akakaa.

Mikono ikanyooshwa. Ya kumpokea ilikuwa saba. Ya kumkataa, afisa aliacha kuihesabu. Wa kwanza kuunyoosha alikuwa Fideli.

Nyumbani kwa Gervasi, binti yake Koleta alimpokea mlangoni.

"Wamesemaje, baba?"

"Wamekataa."

"Na mjomba?"

Alikaa kizingitini, akavua viatu kimoja kimoja.

"Nimemtaja. Mama yako alinikataza, nikamtaja. Na Fabiani hatoki."

Koleta alimletea maji, asiyapokee. Kaburi la Selestina lilikuwa mgombani, hatua chache tu kutoka pale alipokaa. Kila jioni alikuwa akienda. Siku ile hakwenda.