Kuufuata Mkojo wa Ngamia Hadi Fafi

Sababu ya safari yangu ilikuwa tumbo la nyanya yangu, Kadzo. Daktari wa Malindi alikwisha kusema kwamba uvimbe uliokuwa humo dawa yake ni kisu, tena mapema, kabla haujaleta makubwa. Nyanya alimshukuru, akamwombea baraka, na tulipofika nyumbani akakataa katakata. Alikuwa amesikia, Mungu ndiye ajuaye wapi, kwamba mkojo wa ngamia huyeyusha uvimbe.

"Niletee ninywe," aliniambia mbele ya shangazi zangu wote. "Ukishindwa huo, nitakubali wanipasue."

Mimi ni kinyozi, na maneno ndiyo nusu ya kazi yangu, lakini siku hiyo niliyaweka kando nikatafuta kidumu. Nilifunga duka.

Malindi nilipanda basi la Garissa asubuhi na mapema, nikiwa na kidumu hicho kitupu na jina moja. Jina hilo nilipewa na Abdi, jirani yangu anayeuza manukato. Shangazi yake, Halima, au Eddo Halima kama Wasomali wanavyomwita shangazi, anafuga ngamia nje kidogo ya Bura. Abdi aliniambia nikifika Bura nimuulize mtu yeyote. Asichoniambia ni kwamba Bura ziko mbili, moja huku na moja ng'ambo ya Mto Tana, upande wa Fafi, na basi hupita kwanza ile isiyonihusu.

Bura ya kwanza nikateremka kwa kujiamini. Nilimkuta mwanamume akipalilia mahindi, nikamsalimu kwa adabu zote, nikamuuliza nitapata wapi mkojo wa ngamia. Alinitazama, akayatazama mahindi yake, akanijibu kwamba wao hapo humwagilia maji. Nikangoja basi jingine huku nimejificha nyuma ya kibanda, maana alikuwa ameshaanza kuwasimulia wenzake.

Garissa nilifika kichwa kikiwaka kwa jua. Baada ya chai nikapata gari la mizigo linalokwenda Bura ya Fafi, nikaketi juu ya magunia ya sukari, ubavuni mwa beberu aliyefungwa pembe kwenye chuma. Tulipokwenda kidogo, yule beberu aliinama, akajikojolea usoni na ndevuni, akanywa wa kunywa, kisha akainua kichwa kwa fahari. Mwenye beberu, aliyeketi karibu, akanieleza kwa utulivu kwamba ndivyo anavyojirembesha majike wampende. Sawa, kila mtu na marashi yake, lakini upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu. Nilishuka Bura nikinuka kama bwana harusi wa mbuzi.

Kwa Eddo Halima nilipokelewa kwa chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi kwa sababu vyombo vyao hufukizwa kwanza. Ni mama mrefu, mwenye sauti ya kuita ngamia aliye mbali. Aliuliza habari za mvua, za watu wangu, za Abdi, na kwa nini Abdi haoi, ndipo akaniruhusu kusema shida yangu. Niliposema, aliweka kikombe chini.

"Hosbitali iko wabi kwenu?" akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

Nikamwambia iko karibu, hata kwa miguu unafika.

"Sisi ya kwetu iko mbali, ndio mtu anajaribu mkojo," alisema. "Nyinyi iko nayo hapo, unakuja kutafuta nini kwa ngamia?"

Akanieleza kwamba ni kweli wapo wanaokunywa, matone machache ndani ya maziwa, na wengine huapa kwamba umewasaidia. Wapo pia waliokunywa na kuishia kubebwa hadi Garissa wakiwa hoi. Yeye mwenyewe uvimbe wake alitolewa kwa kisu, na akajipiga ubavuni kunionyesha jinsi alivyo imara. Hata hivyo, alisema, mtu aliyesafiri kwa ajili ya mzazi wake harudishwi mikono mitupu. Ila alikuwa na sharti lake: dawa ya mzazi huonjwa kwanza na anayeipeleka, naye Eddo akishuhudia kwa macho.

Alfajiri, zizini, nilisimama nyuma ya ngamia jike mchanga nikiwa na ndoo. Ngamia huamka, hunyoosha miguu, kisha hukojoa kwa kurusha nyuma, kwa hiyo nilikuwa mahali pazuri. Balaa ni kwamba mahali hapo palikuwa na mwenyewe. Fahali wa ngamia alikuja mbio, akaingiza pua yake kati yangu na ndoo, akaupokea mkojo mdomoni. Halafu akainua shingo, akakunja mdomo wa juu, meno yote nje, akabaki hivyo akiwaza. Eddo Halima alinieleza kutoka mbali, mahali salama, kwamba anaonja ili ajue kama jike yuko tayari. Nikamngoja amalize kuwaza. Akaja tena. Mara ya tatu nilimsukuma kwa bega, nikakinga, nikakimbia na ndoo yangu kuruka boma la miiba. Suruali ilibaki hukohuko nusu yake.

Nikaonja. Ulikuwa mchungu, mkali, wenye chumvi, na bado una joto la mwenyewe. Machozi yalinitoka na nikajuta kuzaliwa. Eddo Halima alitikisa kichwa kwa kuridhika, akanijazia kidumu, akanipa maziwa, akamwombea nyanya yangu.

Njiani kurudi, kwenye kizuizi, askari alitaka kujua kidumu kina nini. Nikamwambia ukweli. Hakuniamini, akafungua, akanusa. Mdomo wake wa juu ulikunjika vilevile kama wa fahali, na abiria wote tukaruhusiwa kwenda bila kukaguliwa tena.

Malindi nilimkuta Nyanya kibarazani. Alikishika kidumu, akakifungua, akakifunga haraka. Akaniuliza kama nimeonja. Nikamwambia ndiyo, nikamweleza na ladha yake bila kupunguza kitu. Akakisukuma kidumu kando.

"Nilijua ni mbali," alisema polepole. "Nilijua hutakwenda."

Hasira ilinipanda, nikakumbuka mahindi, beberu, suruali. Kisha nikamtazama usoni, na hasira yote ikaniisha. Nyanya yangu, aliyenilea na hajawahi kuogopa nyoka wala chifu, alikuwa anaogopa kisu. Nikamwambia mimi pia naogopa, tena kuliko yeye.

"Kamwage," alisema. "Halafu upige mswaki, twende."

Nimejifunza kwamba mtu akikutuma mbali sana, umuulize kwanza anakimbia nini, utaokoa nauli na suruali. Daktari alitupa nafasi kesho yake asubuhi, tukaenda kwa miguu, ameushika mkono wangu kama mtoto, hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji. Hapo nesi akamuuliza kama amekula au kunywa chochote tangu jana.

"Mimi sijanywa kitu," Nyanya alisema, akaninyooshea kidole. "Muulize huyu."

Mlango ulifungwa akiwa bado anacheka, na jioni alitoka salama.