Vichwa vya Mwingereza

Juzi harufu ya dizeli kwenye stesheni ya Weston, hapa Toronto, ilinirudisha sebuleni kwetu, alasiri moja yenye chai ya iliki. Baba na rafiki yake Karim, waliowahi kufanya kazi relini Mombasa, walikuwa wakibishania vichwa vya Mwingereza.

“Kile kikubwa kilipanda mlima bila kuhema,” alisema Baba.

“Kilikohoa moshi njia nzima mpaka Voi, bwana,” Karim alimjibu.

Leo najua kichwa ni injini ya treni. Siku ile, mtoto wa Toronto, nilimwona akilini Mwingereza mwenye vichwa vingi, vyote vikikohoa.

Kisha Baba alifumba macho, akaanza kunguruma kifuani, polepole, kama anayevuta mzigo mlimani. Karim akapiga honi kwa mdomo. Vikombe vikatetemeka. Nikapandisha miguu kwenye kochi, nikakipisha kichwa kipite.