Dakika Moja ya Mzee Haidari

Nyinyi mliokuwa mtaa wa Kaloleni mwaka 1983, msijifanye wageni.

Mliona mkokoteni ukipakiwa kitanda cha Mzee Haidari, mchana kweupe. Mkafunga madirisha. Jioni mkaanza, "Aah, yule alikuwa mvivu bana."

Mvivu?

Yule mtu alifukuzwa kwa kupiga Morse vizuri. Dakika moja tu. Nilikuwepo. Nimenyamaza miaka arobaini na nimechoka.

Naitwa Nzembi. Siku hizo nilikaa mtaa wa jirani, Mbotela, kazi kiwanda cha soksi Industrial Area, na mdomo nilikuwa nao. Mkutano wa wafanyakazi haukuanza bila mimi. Shule niliachia darasa la saba. Sheria za kazi nilijisomea mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia nyama.

Mzee Haidari alikuwa mpiga Morse, zile ishara za nukta na mistari za kupeleka habari mbali, kwa mwajiri mmoja mkubwa, simtaji. Miaka ishirini na tisa, kifundo kile kile cha mkono kikipanda na kushuka juu ya kitufe kimoja.

Wapiga Morse wanaujua huo ugonjwa. Siku moja mkono unagoma. Unataka nukta tatu, unatoa tano. Halafu kalamu inakuponyoka. Halafu vifungo vya shati unafungiwa na mkeo.

Mkewe, Bi Waridi, ndiye aliyeniita.

"Nzembi mwanangu, njoo umwandikie mzee daftari lake la redio. Mkono wake hauandiki tena."

Maana nyumbani alikuwa na redio yake, yenye leseni, ya kuongea kwa Morse na watu wa ng'ambo asiowahi kuwaona. Kila mazungumzo lazima yaandikwe.

"Lakini mkono si umekufa, Mzee? Unapigaje?"

Akacheka. Akanionyesha kitu alichokiita padeli.

Alikichonga mwenyewe. Vipande viwili vya msumeno wa chuma, vimesimama kama mbawa juu ya ubao. Kidole gumba kikigusa upande huu, kisanduku cha umeme kinatoa nukta zenyewe: di-di-di. Kidole cha shahada kikigusa upande wa pili, inatoka mistari: daa-daa. Kifundo hakipandi, hakishuki. Kimelala mezani kama paka.

Nikamwambia nifundishe.

Wiki ya kwanza, aibu tupu. Mkono wa kiwandani haujui kugusa, unajua kukamata. Kila nikibonyeza, ubao unateleza hadi ukingoni mwa meza.

"Upigilie msumari basi, Mzee."

"Nikiupigilia hutajifunza. Ukiteleza, ujue umefinya. Binti, hii si soksi."

"Afadhali soksi, hazina kelele."

"Na usihesabu nukta! Sikia wimbo wa herufi."

Kupokea nako kulikuwa na sheria yake. "Usilikimbize neno," alikuwa akisema. "Herufi ikiingia sikioni, itokee kwenye kalamu. Ukianza kufikiria maana, umeikosa inayofuata. Andika. Utasoma baadaye."

Mwezi wa nne ubao ukatulia. Bi Waridi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani huyo anapiga?"

"Soksi," akajibu mzee.

Kisha barua ikaja. Mzee anachelewesha kazi, makosa ni mengi, daktari wa kampuni atampima. Mkono ukionekana umeharibiwa na kazi, atapewa kazi nyepesi na nyumba ya kampuni anabaki nayo mpaka astaafu. Ukionekana mzima, basi ni uzembe. Kazi kwaheri, nyumba siku saba.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji.

"Tubebe padeli," nikasema. "Tuwaonyeshe bado anafaa. Wamnunulie kama hiyo, yaishe."

Bi Waridi akaguna. "Mgonjwa hubeba ugonjwa wake, mwanangu."

"Mama, hayo ya zamani. Niachieni mimi."

Wakaniachia. Mungu anisamehe.

Ofisini kulikuwa na daktari na bwana mmoja wa tai. Daktari akakiangalia kile kidude, akavua saa.

"Dakika nzima, Mzee. Bila kusimama, bila kusema neno. Na nitajuaje unapiga sawa?"

"Mimi nitaandika," nikasema, kifua mbele.

Akaanza. Jamani, laini! Ubao haukusogea hata unywele. Herufi zikamiminika na kalamu yangu ikazifuata, moja baada ya nyingine, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa natabasamu.

Dakika ikaisha. Daktari akaandika mstari mmoja, akafunga kalamu.

"Mkono huu ni mzima kuliko wangu."

Ndipo nikaangalia karatasi yangu. Nikasoma.

NZEMBI TUMEKOSEA ANAANGALIA SAA HAANGALII MKONO SEMA SIWEZI KALAMU SEMA SIWEZI VIFUNGO SEMA SASA SEMA SASA SEMA

Nikaruka. "Daktari! Mpe kalamu! Mwambie afungue kifungo kimoja tu!"

"Nimeona vya kutosha, mama."

Bwana wa tai alikuwa tayari ameshika mlango.

Nje, mzee aliiomba ile karatasi. Akaisoma polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikangoja matusi. Ningeyapokea.

"Hakuna kosa hata herufi moja," akasema.

Walihamia Mukuru kwa Njenga, chumba cha mabati. Leseni ya redio niliyopanga kuiomba, na mimi nipige kama yeye, sikuiomba tena.

Sasa sikiliza. Aliyevunjwa na kazi hujitengenezea njia yake ya kupitia, na mwajiri akiiona hiyo njia, atasema hukuwahi kuvunjika. Kwa hiyo usimpeleke mtu wako akaonyeshe anachoweza. Apelekwe akaonyeshe asichoweza.

Kazini kwenu yuko mmoja. Mashine imemla mgongo, au masikio, au vidole. Usingoje barua yake ije. Mwite leo, muulize: huwezi nini? Andika yote, tia tarehe, tafuta mashahidi wawili, na kesho asubuhi muwe mlangoni kwa chama cha wafanyakazi.

Na ukiandika, soma papo hapo. Akikuambia sema, sema.

Usiniwekee like. Inuka.