Misalaba Kwenye Picha ya Timu

Juzi, kwenye dirisha la duka moja mjini Saint Paul, Marekani, niliona picha ya timu ya chuo ya kabla ya vita: vijana wa mpira wa Kimarekani, kofia za ngozi mikononi. Nilisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi.

Utotoni mwangu, picha kama hiyo ilikuwa ukutani kwa mzee mmoja katika kitongoji cha Crystal, kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi mama. Shule ikifungwa kwa theluji, mama alienda nami. Chumba kilinukia dawa ya kuchua na kahawa iliyopoa. Mzee alinisimulia msimu wao mechi baada ya mechi, hita ikinguruma. Juu ya kila kichwa pichani palikuwa na msalaba mdogo wa kalamu, isipokuwa chake.

Mimi, mtoto wa kanisani, nilielewa mara moja: wenzake wote walikuwa wameokoka. Nikamwonea huruma.

“Mbona wewe huna?”

“Wangu bado,” alisema. “Siku ikifika, utanichorea?”

Nilikubali, na nikawa namwombea kila usiku.

Alasiri moja mama alirudi na picha ile kwapani. “Mzee amekuachia hii. Alisema unajua la kufanya.”

Nilichora msalaba wake polepole, kisha nikapiga makofi na kupaza haleluya, kama tulivyofanya mtu akiokoka. Mama aliketi, koti bado mwilini, akilia.

“Usilie, mama,” nilimwambia. “Sasa timu imetimia.”