Zulia la Kuazima

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya pilau, mwanangu. Nyumba yetu pale Somanga ilinukia bizari na iliki hadi barabarani, nami nimesimama mlangoni nisitake kuingia, maana nilijua pilau ile inanifukuza chuo.

Tangu uletwe huku Kilwa kwa mafunzo yako ya vitendo, unakuja kwenye kibanda changu hapa Nangurukuru unaagiza chai tupu. Nikikusogezea chapati unasema umeshiba. Umeshiba nini? Mimi nauza chakula miaka nenda miaka rudi, mtu aliyeshiba namjua. Basi kaa nikupe habari yangu, na uso wangu usikutishe. Hasira hii ni ya zamani, haikuhusu wewe.

Na mimi nilisomea ustawi wa jamii, kama wewe. Usinitazame hivyo. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, baba alipofariki. Kwa mama hakukubaki kitu ila muhogo wa shambani, mbuzi mmoja na mikorosho michache ambayo mwaka ule ilizaa kwa shida. Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, Bi Agnes, mtu wa bara, mama mpole kweli. Akanisikiliza. Akasema iko nafasi moja ya ufadhili kwa mwanafunzi aliyefikwa kama mimi, ila lazima afike nyumbani aione hali kwa macho yake. Alikuwa na safari ya Lindi kukagua wanafunzi, angepitia kwetu. Nikamtangulia, roho kwatu, nikamweleza mama. Mama akamweleza baba mkubwa, Mzee Mfaume, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba.

Hapo ndipo lilipoharibika jambo langu. Huku kwetu mgeni hapokelewi hivi hivi, akaona usichonacho. Baba mkubwa akazunguka mtaa mzima. Zulia likatoka kwa jirani mwenye duka, vikombe vya kauri kwa mwingine, mapazia kwa mwingine. Mama akavishwa bangili za dhahabu za wifi yake. Mbuzi wake wa pekee akachinjwa. Mkeka wetu uliochanika ukakunjwa ukatupwa uani, nyuma ya jiko. Nikamfuata baba mkubwa, nikamwambia kwa adabu zote kwamba mgeni huyu anakuja kuona shida, na asipoiona mimi sina changu. Hakupaza sauti.

"Somoe," akasema, "nyumba hii haijawahi kuonekana uchi mbele ya mgeni. Haitaanza kwa ajili yako."

Mama akanifinya mkono ninyamaze, nikanyamaza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ndiye aliyebaki mahali pa baba yangu.

Bi Agnes akaja, akala, akasifu mapishi. Kila alipofungua mdomo kuuliza jambo, aliongezewa nyama. Baba mkubwa akamsimulia mashamba ya babu, mengine yalishauzwa kabla sijazaliwa. Nilipomsindikiza kwenye gari, wallahi neno lilikuwa ulimini, lakini baba mkubwa alikuwa ubavuni kwetu na kikapu cha nazi za kumpa mgeni. Bi Agnes akanishika bega, uso wake umetulia kabisa.

"Mshukuru Mungu, Somoe," akaniambia. "Una watu."

Magharibi haijaingia, zulia limesharudi kwa mwenyewe. Ufadhili akapewa mwenzangu, na sisemi hakustahili. Mimi sikurudi chuo tena. Na Bi Agnes naye namlaumu mpaka leo, Mungu anisamehe. Mtu aliyesomea kazi ile, hakuomba hata maji ya kunawa uani. Angepiga hatua chache tu angefika jikoni akaukuta ule mkeka.

Sasa sikia mwisho wake. Mwaka juzi baba mkubwa alikuwa kitandani, mguu una kidonda cha sukari kisichopona, wanawe hawaonekani. Nikawa namuuguza mimi. Afisa ustawi, kijana wa rika lako, akatuletea taarifa kwamba anakuja kuangalia kama mzee anastahili kutibiwa bure. Baba mkubwa akaniita karibu. Sauti ilishakuwa ndogo.

"Somoe, kaazime zulia."

Sikwenda. Nilitandika mkeka uliochanika, mlango wa uani nikauacha wazi. Kijana yule akaingia mpaka jikoni, akafunua sufuria, akauliza bila haya nami nikajibu bila haya. Mzee akatibiwa, kidonda kikakauka. Lakini tangu siku ile mpaka anaingia kaburini hakunisemesha. Dawa alikunywa kwa mkono wangu huku amegeukia ukutani. Inaniuma, mwanangu. Inaniuma kwamba yeye alitibiwa na mimi nikabaki kukanda unga hapa, halafu mwenye kununiwa ni mimi.

Ninachokuambia ni hiki. Chuoni kwenu kuna washauri, kuna mikopo, kuna wafadhili, kuna walimu ambao ukiwagongea mlango wanafungua, na vipo vituo vinavyompokea mwanafunzi wa kujitolea vikamsaidia hata nauli. Vyote hivyo havimjui mtu anayejifanya ana nafasi. Nenda ukaseme kwa mdomo wako, usingoje mkubwa wa nyumba akusemee, maana yeye atalinda jina lake kwanza. Na siku utakapotumwa kukagua nyumba ya mtu, ukatandikiwa zulia zuri, omba maji ya kunawa. Pita uani. Ongea na aliyesimama mlangoni kimya, na umwite pembeni, mbali na wakubwa wake.

Mola akupe ulimi wa kuitaja shida yako na macho ya kuiona ya wenzio. Akufikishe kule nilikokatiziwa mimi, na mama yako aje akushangilie kwa bangili zake mwenyewe. Haya, vuta sahani hiyo. Chapati bado ya moto, na leo usiniambie umeshiba.