Mwenye Bucha Aliyekula Mchicha kwa Siri

Bucha la mtaa wetu lilikuwa la mtu tuliyemwita Nundu, kwa sababu sehemu hiyo ya ng'ombe hakumuuzia mtu, aliila mwenyewe. Alikuwa jitu la miraba minne, lenye sauti ya kuamsha waliolala mtaa wa pili. Kwa baba yake alirithi shoka, mizani, gogo la kukatia nyama, na imani moja kubwa.

"Ng'ombe anakula majani," alikuwa akisema, "na mimi namla ng'ombe. Sasa kwa nini nirudi nyuma nikapange foleni naye?"

Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, palikuwa na genge la mboga la shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe. Huyo tulimwita Mchicha. Alikuwa mwembamba kama bua, na kutwa alikuwa akinyunyizia mafungu yake maji. Wawili hawa walitaniana miaka nenda miaka rudi bila kuchoka.

"Shemeji!" Nundu angepaza sauti huku akining'iniza paja kwenye ndoano. "Leo umewanyang'anya mbuzi wa nani chakula chao?"

"Nauza uhai, shemeji," Mchicha angejibu. "Wewe endelea kuuza maiti."

Basi mambo yalianza na mbwa. Alikuwa mbwa wa manjano, anayechechemea, asiye na mwenyewe. Kila siku aliingia buchani kwa mlango wa kushoto, akanyanyua shingo hadi juu ya meza, akachukua alichokitaka, akaondoka bila haraka. Nundu alikuwa amesimama palepale, hatua moja tu kutoka kwake, akinoa kisu na kuimba. Sisi tulimwona mbwa, tukamwona Nundu, tukadhani wamekubaliana. Tulimsifu hata. Tukasema mtu huyu alikuwa na mkono wa birika, lakini umri umemlainisha, siku hizi anatoa sadaka mpaka kwa wanyama.

Kumbe mwenzetu nyumbani alikuwa hali halali. Alimwambia mkewe kuna mwizi anayemwandama, tena mwizi wa ajabu, anaiba upande wa kushoto tu. Alibadilisha kufuli. Alimfukuza fundi bomba aliyekuja kutengeneza karo, kwa sababu alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Mwisho akaanza kunong'ona habari za majini.

Mchana mmoja mkewe alimletea chakula, akamkuta mbwa kazini. Anasema mbwa yule alikuwa akichagua kama mteja. Alinusa mbavu, akaziacha, akanusa figo, akaziacha, akabeba ini.

"Baba watoto," mke akasema, "huyo mbwa humwoni?"

"Mbwa gani?"

Nundu akageuza kichwa chote pamoja na mabega, kama mtu anayegeuza mkokoteni, akawahi kuona mkia ukipotelea mlangoni.

Mama yule hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akaanza kuunganisha mambo. Bega la kushoto la mumewe halikosi alama ya kugonga miimo ya milango. Majirani walikuwa wamelalamika kwamba Nundu amepata majivuno, unamsalimu ubavuni haitikii. Na baba mkwe wake marehemu naye alisemwa vivyo hivyo, mtu wa kiburi, hadi siku alipouliza saa sita mchana kwa nini taa haijawashwa.

Akampeleka kliniki ya macho, nusu kwa kumbembeleza na nusu kwa kumvuta mkono.

Huko walimkalisha mbele ya mashine, wakampa kitufe: kila akiona nukta ya mwanga abonyeze. Nundu alibonyeza vizuri, kisha akanyamaza muda mrefu sana, kisha akabonyeza tena. Alipomaliza alimgeukia daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole.

"Mwanangu, mashine yenu mbovu. Upande huu taa zimeungua."

"Zinawaka, mzee wangu. Zinawaka zote."

Akamweleza taratibu. Ndani ya jicho mna maji yanayoingia na kutoka. Yakikawia kutoka yanabana, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa kidogo kidogo, mara nyingi ukianzia pembeni, bila maumivu wala taarifa. Wengi huiita presha ya macho. Wao wanaiita glakoma. Kilichokwenda hakirudi, akasema, lakini kilichobaki kinalindwa. Akampa chupa ya matone: tone moja kila jicho, kila jioni, maisha yake yote.

"Na chakula, daktari?" mke akauliza. "Huyu anakula nyama tupu. Mboga kwake ni pambo la sahani."

"Kuna watafiti waliowafuatilia watu kwa miaka mingi, wakaona wanaokula kwa wingi mboga za majani ya kijani wanaupata ugonjwa huu kwa uchache kidogo. Hiyo si hakika, ni dalili tu. Kahawa nyingi, kwa mtu ambaye kwao kuna historia ya ugonjwa, inaonekana si nzuri. Na maji anywe, ila asibugie mengi kwa mkupuo mmoja. Lakini hakuna chakula kinachoshika nafasi ya matone."

Ndoa ni hiyo: watu wawili huingia kwa daktari mmoja, wakatoka na madaktari wawili.

"Umesikia?" Nundu akasema barabarani, uso umemkunjuka. "Mboga!"

"Nimesikia matone," mkewe akasema.

Matone aliyajaribu jioni mbili. Yalimwasha, akalia machozi, na mwenye bucha kulia machozi mbele ya wanawe aliona ni fedheha. "Dawa inayoliza si dawa, ni msiba," akasema, akaificha chupa nyuma ya mizani. Yeye atatumia mchicha.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mchicha aununue wapi? Kwa shemeji, baada ya maneno yote yale? Heri apofuke. Basi alivaa koti zito na kofia, akaenda mtaa wa mbali, akanunua mafungu kama mtu anayenunua bangi, akayarudisha ndani ya mfuko wa nyama. Mkewe aliyachemsha huku akitikisa kichwa. Nundu aliyapeleka buchani ndani ya sufuria, juu yake ametandaza mbavu za kuzugia watu, akajifungia nayo kwenye chumba cha baridi. Huko, amesimama kati ya mapaja yanayoning'inia, meno yanagongana kwa baridi, alikula mchicha kwa uma mpaka sufuria ikaisha. Alikula hivyo kila siku, na kila alipotoka alifunga jicho moja, kisha jingine, kuona kama upande wa kushoto umerudi.

Siri ilivujishwa na meno yake. Mama mmoja alikuwa akiagiza nyama ya kusaga, Nundu akamchekea, na pale kati ya meno ya mbele palikuwa na jani zima, la kijani kama bendera.

Mama yule alirudisha nyama juu ya kaunta. Hakusema kitu, akatoka. Nje ndiko alikosema. Hadi alasiri mtaa mzima ulikuwa unaulizana: mwenye bucha akiacha kula nyama akaanza kula majani, tena kwa kujificha, amejua nini ambacho sisi hatujakijua? Wengine wakasema ng'ombe ni wagonjwa. Wengine wakasema hao hata si ng'ombe. Foleni yake ikavuka barabara ikahamia gengeni kwa Mchicha, ambaye hakuelewa amepata nyota gani.

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja na bwana afya. Alifika na koti jeupe, sisi tumejazana mlangoni nyuma yake. Akaikagua nyama, akainusa, akaikata, akaitazama mihuri. Yote safi. Akafungua chumba cha baridi. Mle ndani, katikati ya mapaja mawili ya ng'ombe, kwenye ndoano, lilikuwa limening'inizwa fungu la mchicha lililosubiri kuchemshwa, na pembeni yake uma.

"Hii ni nini?" bwana afya akauliza.

Nundu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Ni... mapambo."

"Na uma?"

"Wa kupambia."

Watu wakaanza kunguruma. Hapo Mchicha akapenya katikati yetu, kanyunyizio bado kako mkononi. Dada yake alikuwa amemweleza yote asubuhi ile.

"Jamani, nyama ni nzima," akasema. "Mgonjwa ni mwenye bucha. Ana presha ya macho, upande wa kushoto haoni, kama punda aliyezibwa jicho moja. Anaogopa kupofuka kama baba yake. Na alikuwa anaona haya kununua mboga kwangu, huyu mjinga."

Halafu mtu nyuma akauliza, "Sasa na mbwa?" na ndipo tukaelewa sadaka ile ilikuwa sadaka gani. Tulicheka mpaka bwana afya akaegemea mizani. Nundu peke yake hakucheka. Alisimama akiupangusa mkono wake kwenye aproni, ukiwa tayari umekauka.

Tangu hapo Mchicha alimletea shemeji yake mboga mwenyewe, akivuka barabara na fungu kifuani kama bibi harusi, akitangaza, "Chakula cha mbuzi mkubwa!" Wateja walirudi. Nundu alikula hadharani, akanogewa hata. Tatizo ni kwamba alijiona amepona.

Siku ya kurudi kliniki Mchicha alifunga genge akawasindikiza, ili ashuhudie ushindi wa majani. Nundu naye alikuwa amejiandaa. Asubuhi alikunywa kahawa nzito ili macho yachangamke, na alipofika mlangoni mwa kliniki akabugia jagi zima la maji bila kupumua. Kusafisha mtambo, alisema.

Daktari alipima. Akapima tena. "Imepanda kuliko mwanzo. Umetia dawa?"

"Nimekula mchicha."

"Sikukuuliza hicho, mzee wangu."

"Nimekula shamba zima, mwanangu. Mwulize huyu."

Mkewe akafungua mkoba, akaiweka chupa mezani. Aliikuta nyuma ya mizani, imejaa karibu yote. Nundu akaelezea pia habari ya kahawa na jagi, na daktari akafunika uso kwa viganja muda mfupi. Kisha akamweleza tena, polepole, kwamba jagi lile limepandisha presha iliyokuwa tayari juu kwa kukosa dawa.

"Baba yangu," Nundu akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda wapi sijui. "Mwisho aliniambia anaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Angekula mboga, angepona?"

"Sijui," daktari akasema. "Hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba matone huuchelewesha ugonjwa. Kula mboga, zina faida nyingi. Lakini tia dawa."

Akamtazama Mchicha aliyekuwa akichekelea pembeni. "Na wewe, umeshavuka arobaini? Kaa hapa, nikupime."

Mchicha akakaa kwa madaha. Daktari akapima. Akawasha taa nyingine, akachungulia, akapima tena.

"Na wewe unayo," akasema. "Ndiyo kwanza inaanza."

"Mimi?" Mchicha akaruka. "Mimi nimekula majani tangu sijaota meno!"

"Huenda ndiyo maana imechelewa. Huenda siyo. Mwavuli hupunguza kulowa, hauzuii mvua kunyesha."

Nundu alikuwa amesubiri siku kama hii tangu alipooa. Mkewe anasema kicheko kilishapanda hadi kooni, akakiona kabisa kinavyomtikisa. Lakini Nundu akautazama uso wa shemeji yake, ambao ulikuwa umenyauka kama fungu la jana, akakimeza. "Tulia, shemeji," akasema. "Tutatia wote."

Na wakatia. Kila mtu peke yake alikuwa akilikosa jicho, tone linaangukia shavuni, kwa hiyo wakaamua kusaidiana. Jioni, bucha likishaoshwa, Nundu alitandaza kitambaa safi juu ya gogo. Mchicha alipiga magoti, akaegemeza kichwa chake juu ya gogo uso ukitazama dari, na Nundu akamwinamia na chupa. Kisha wakabadilishana.

Mpita njia mmoja, mgeni, alichungulia akaona kichwa cha mtu juu ya gogo na jitu lenye aproni ya damu limekiinamia. Alikimbia hadi kituo cha polisi. Askari alifika akihema.

"Mikono juu!"

"Subiri, bado jicho la kulia," Nundu akasema bila kugeuka.

Walipomweleza, askari alisimama pale akigeuza kofia mikononi. Halafu akauliza kama ni kweli ugonjwa wenyewe hauumi, na Nundu akamuuliza alikuwa anaona vidole vingapi pembeni. Askari akaonekana kusita. Wiki ile ile akaenda kupimwa, akakutwa mzima kabisa.

Upande wa kushoto wa Nundu haukurudi. Uliobaki, miaka imepita, bado upo. Wateja tumezoea kusimama kulia kwake, na mgeni akikosea tunamvuta mkono. Jioni mashemeji bado wanagombana, mmoja akidai macho ya mwenzake yaliharibiwa na mafuta ya nyama, mwingine akidai ya mwenzake yalilegezwa na maji ya kunyunyizia mboga. Askari naye huja akaketi juu ya ndoo kuwasikiliza. Hana ugonjwa wowote. Anasema anapenda tu ule ugomvi.