Maji ya Moto ya Alimasi

Mimi Alimasi, muuza vitenge na sabuni hapa Kasongo, nina miaka hamsini na sita, na safari yangu ndefu kuliko zote niliifanya kwa mdomo. Nilipokuwa nikimchumbia Mwamvita, nilimwambia nimeshafika ng'ambo ya Kabambare, upande wa Wamaza, nikaoga katika maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe. Habari hiyo niliisikia kwa mchuuzi wa samaki. Kijana kama mimi, mwenye duka la kurithi, asiyewahi hata kuuvuka mto Luama, alihitaji kitu cha kumpendezesha. Uongo ule ulipokelewa vizuri, nikautunza miaka thelathini, kila mwaka nikiuongezea mvuke.

Mwaka huu magoti yalianza kumsumbua Mwamvita hadi akawa anaswali amekaa kitini. Jioni moja akaniomba kwa utulivu nimpeleke kwenye yale maji yangu. Nikasema barabara ni mbaya. Akasema anajua. Nikasema duka halina mtu. Akasema binti yetu Soraya atakaa dukani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale mkekani nilipokaa. Barabara sikuiogopa sana. Niliogopa mke wangu asije akaniona nilivyo.

Tulipanda watatu kwenye pikipiki ya Dady, dereva mcheshi wa mtaani kwetu. Palikuwa na matope, vilima vya nyasi ndefu, na madaraja ya magogo. Kwenye daraja moja Mwamvita alishuka na magoti yake mabovu, akavuka wima. Mimi nilivuka kwa kutambaa, nikisema natafuta kofia yangu.

Tulilala Kabambare, mji wa udongo mwekundu na maduka madogo, bendera ikining'inia mbele ya ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya. Asubuhi Dady alitaka kuulizia njia. Nikamkatalia. Kuuliza si ujinga, lakini mtu aliyeoga mahali angeulizaje mahali hapo ni wapi?

Tulipoipita Wamaza, niliona dimbwi chini ya barabara, kwenye bonde dogo lililopigwa na jua. Lilikuwa likitoa mapovu. Nikashuka, nikachovya kidole: maji vuguvugu. Moyo wangu ukatulia. Nikatangaza kwamba tumefika. Harufu ilikuwa kali, nami nikaeleza kwa kirefu kwamba maji ya dawa lazima yanuke, ndiyo alama yake. Mwamvita aliliangalia dimbwi, akaniangalia mimi.

"Baba Soraya, ingia wewe kwanza," akasema. "Unionyeshe vile ulioga."

Nilivua kanzu, nikaingia na suruali yangu hadi shingoni. Vitu laini viliteleza kwenye tumbo langu. Nikasema mawe ya huku ndivyo yalivyo. Nilikuwa najisugua kifua na kuyasifu maji walipotokea wanawake wanne na vikapu vyao. Mkubwa wao, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mathilde, akatua kikapu chake taratibu.

"Baba," akasema, "unaoga mu muhogo yetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Nyumba nne zilikuwa zimeloweka muhogo wao mle kwa siku tatu. Kwetu Kasongo muhogo hulowekwa kwenye pipa nyuma ya nyumba, na mimi nimekula ugali wa muhogo maisha yangu yote bila kwenda nyuma ya nyumba. Dady alicheka hadi akakaa chini. Wale wanawake hawakucheka. Waliniamuru niutoe muhogo wote, kipande kwa kipande, na kuusuuza kijitoni. Niliusuuza hadi adhuhuri.

Ndipo Mathilde akauliza tulichokuwa tunatafuta, akatuongoza mwenyewe, nami nikitembea nyuma kabisa kwa sababu ya harufu. Maji ya moto yalikuwa katikati ya mawe, yakifuka, safi, bila harufu yoyote. Mwamvita akatumbukiza miguu, akafumba macho. Nikakaa karibu yake kidogo, nikamwambia sijawahi kufika hapa.

"Najua," akasema. "Mama yako alinielezaka mu mwaka ya kwanza ya ndoa. Nilikuwa nangoja unifikishe."

Nilimsugua magoti, naye akaniacha nimsugue.

Tuliporudi, majirani walijaa dukani. Wakauliza kama niliikumbuka njia baada ya miaka mingi hivyo. Dady akakohoa. Nilifungua mdomo niseme kweli, lakini Mwamvita akaniwahi.

"Ile njia anaijua hata macho imefungwa," akasema, akapita ndani.

Niliona aibu ambayo sikuiona hata nilipokuwa shingoni katika muhogo wa watu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda nyuma ya nyumba kwa mara ya kwanza, nikasimama kando ya pipa, nikamwomba Mwamvita anifundishe kuloweka muhogo.